Usicheke, Tazama Hapa

2 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba umeifungua mwenyewe wala hukuiacha chini ya mkasi wiki nzima kama ile ya mwezi wa kwanza.

Nina shida. Unajua ninasoma mambo ya hisia za binadamu: hasira inatoka wapi, furaha inapita wapi mwilini, kwa nini mtu akiogopa mikono inakuwa baridi. Mama anawaambia wenzake kuwa nasomea machozi, na mimi nimechoka kumsahihisha. Sasa nimefika mwaka wa mwisho na nimepewa utafiti wangu mwenyewe. Nataka kujua kama mtu anaweza kuutazama uso wa mtu asiyemjua, kwenye picha tu, bila kusikia sauti wala kujua kilichotokea, akasema sawasawa mwenye uso anahisi nini.

Picha zilizoko hapa chuoni ni za waigizaji. Mtu kaambiwa akasirike, katoa macho kama aliyekanyagwa kidole. Mimi nataka nyuso za kweli. Nitafutie watu wanne, kila mmoja umpige picha sita: furaha, huzuni, mshangao, hofu, hasira na kinyaa. Wasiigize. Waambie wakumbuke jambo lililowapata kweli, na ukiona limefika usoni, bonyeza. Nyuma ya picha andika namba tu kwa penseli. Kwenye karatasi ya pembeni uniandikie kila namba ni hisia gani na mtu alikuwa anawaza nini. Wanafunzi arobaini watazitazama picha zako bila kuiona karatasi hiyo.

Mmoja wa hao wanne awe wewe. Usikatae kabla hujamaliza kusoma. Nazihitaji kabla ya mwisho wa mwezi huu, la sivyo mwalimu wangu atanirudisha kwa waigizaji.

Mpwa wako msumbufu


9 Machi

Mpwa wangu, Profesa wa Machozi,

Marahaba. Barua yako niliifungua siku ileile. Ingekuwa heri ningeiacha chini ya mkasi.

Hebu fikiri unamwomba nani. Miaka thelathini na moja nimepiga picha za vitambulisho, za pasi za kusafiria na za fomu za mitihani. Kazi yangu yote ni maneno haya: kaa wima, kidevu chini kidogo, masikio yaonekane, usicheke, tazama hapa. Watu wa mtaa huu jina langu wamelisahau, wananiita Usicheke, na mimi naitika. Mtu akiingia hapa na uso wenye habari, namfuta habari zake kwanza ndipo nabonyeza. Leo unataka nizirudishe.

Nitajaribu, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu, na dada yangu ana mdomo. Nimeongea na muuza nyama wa jirani, amekubali hapohapo, anadhani picha zitatoka gazetini. Kinyozi naye amekubali. Wa tatu ni Fundi.

Fundi humjui, au ulikuwa mdogo. Ni yule mama wa cherehani, mlango unaotazamana na wangu, anayeshona sare za shule. Alikuja hapa akiwa mjane tayari, na kwangu mke wangu, mkaza mjomba wako, alikuwa ameshatutoka. Ndiye aliyelishona koti la studio. Ni koti moja jeusi, na nusu ya mji huu wamelivaa, maana ofisi zinataka mtu aonekane nadhifu na wengi wanakuja na fulana. Nililitaka liwatoshe wanene. Akija mwembamba, namwita Fundi, anavuka barabara na pini zake mdomoni, analibana kwa nyuma. Mteja mbele anaonekana waziri, nyuma nungunungu. Anavuka hivyo mara saba, mara nane kwa siku, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Sasa anahama. Binti yake kajifungua pacha huko mbali, anataka mama yake akaishi naye. Ataondoka tarehe thelathini mwezi ujao.

Ninachosikitikia ni koti. Nani atalibana? Mimi nina vidole vya kushika lenzi, si pini. Jana nilijaribu mwenyewe kwa mwalimu mmoja mwembamba, nikamchoma mgongoni, akatoka kwenye picha na uso wa hofu ambao ungekufaa sana. Nimefikiria kununua koti la pili, dogo, lakini makoti ya dukani yana mabega ya ajabu. Nikamwazia mtu wa kulipunguza hili la sasa, lakini nani mwingine ana mkono ule? Silali vizuri kwa ajili ya hili koti. Chakula nacho hakipiti, nadhani ni tumbo.

Mjomba wako,
Usicheke


14 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa tumbo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi kwa mazoea ya kazi. Kuhusu pacha na kuhusu Fundi kuondoka umeandika mistari miwili. Kuhusu koti umejaza nusu ukurasa.

Hapa tunafundishwa jambo moja ambalo nadhani utalipenda. Mwili ni kama kengele ya mlangoni. Inalia vilevile, awe amekuja mgeni au mwizi. Moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, usingizi unakimbia, kengele ni ileile. Ni sisi tunaokwenda kuchungulia dirishani na kusema ni nani yuko nje, na mara nyingi tunataja mtu siye.

Basi, ni hilo tu. Nasubiri picha.

Mpwa wako


22 Machi

Profesa,

Picha ishirini na nne hizo hapo, na karatasi yake. Nimezisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, moja moja, na nimegundua kwamba sijui sura za watu ninaowapiga picha kila siku.

Muuza nyama ni namba moja hadi sita. Hofu yake ni siku mama mkwe alipofika bila taarifa akamkuta amelala saa nne asubuhi. Usimcheke, alikuwa anachungulia mlango wangu kweli. Kinyozi ni saba hadi kumi na mbili, na huyo alinitoa jasho. Huzuni hakuipata hata kwa dawa. Alikumbuka siku umeme ulipokatika akiwa amemnyoa bwana harusi nusu kichwa, akaanza vizuri kwa huzuni, akamalizia kwa kicheko. Nimekupa ya katikati.

Fundi ni kumi na tatu hadi kumi na nane. Furaha: simu iliyomwambia si mtoto mmoja, ni wawili. Kinyaa: kitambaa cha sare mia moja kilicholetwa kikinuka mafuta ya taa. Hasira, hiyo namba kumi na saba, itazame vizuri. Nilimwambia amfikirie mtu aliyemuudhi kuliko wote maishani. Akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Mpwa wangu, nimepiga maelfu ya nyuso na sijawahi kupata hasira safi namna ile. Nilimwonea huruma huyo mtu, yeyote awaye.

Zilizobaki ni zangu. Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo kamera aliishika Fundi. Furaha ilituchukua mara kumi na mbili. Nilikumbuka siku niliyonunua kamera yangu ya kwanza, nikaona nimefurahi sana, yeye akasema bado, bado, mjomba wa watu, unafurahi kwa magoti au kwa uso? Huzuni, namba ishirini, ilipatikana mara moja tu. Nilikuwa nafikiria mambo ya kazi.

Tumbo bado.

Mjomba wako


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kazi yako imekuwa gumzo hapa. Mwalimu wangu, ambaye hasifii kitu, alisimama mbele ya mama mkwe wa muuza nyama, yaani mbele ya ile hofu yake, akasema haya, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Lakini kuna tatizo, na tafadhali usikasirike. Nadhani umechanganya namba.

Ile kumi na saba umeiandika hasira. Katika watu arobaini, thelathini na sita wameandika furaha. Watatu wameandika upendo, neno ambalo halimo hata kwenye orodha niliyowapa. Wameliongeza wenyewe pembeni kwa kalamu. Mmoja tu ndiye aliyeandika hasira, na huyo ni mama wa makamo anayesoma na sisi, ana mume na watoto wanne. Nilipomuuliza alinijibu kwamba mimi bado mdogo.

Nimeitazama mwenyewe. Mdomo wake umefungwa, umekaza kabisa. Lakini macho yanacheka, Mjomba. Ile mikunjo midogo pembeni ya jicho haiji kwa kuamrishwa, mdomo ndio unaotii amri. Kama ni hasira, basi ni hasira ya aina ambayo sijaifundishwa.

Pia namba ishirini, ile yako. Umeandika huzuni. Watu thelathini na moja wameandika hofu. Unaogopa nini?

Nijibu upesi. Mwalimu anasema kama karatasi na picha haziafikiani, kumi na saba itatolewa.

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Sikuchanganya. Nimeandika namba nyuma ya picha tangu mama yako hajaolewa, na hakuna mtu aliyewahi kutoka hapa na uso wa mwenzake. Kumi na saba ni hasira. Nilikuwepo. Nilimwomba hasira akanipa hasira, hao arobaini wako walikuwa wapi?

Na mimi siogopi kitu. Hiyo ishirini ni mwanga tu, nilisogea.

Ila nina neno, na lawama ni yako. Baada ya barua yako niliichukua filamu nikaitoa tena kumi na saba, kubwa, ili nione hao watoto wako wameona nini. Nikaitazama asubuhi nzima. Ni picha nzuri, hilo sikatai. Nikaona ni dhambi kuiweka mtotoni mwa meza, nikaibandika dirishani, pale penye picha za mfano. Watu wakaanza kusimama. Muuza nyama akasema hakujua kama Fundi ana uso ule. Kinyozi alisimama na wembe mkononi, na mteja wake akaja nyuma yake na povu kidevuni.

Fundi alivuka saa tano na pini zake, akaiona. Alisimama pale kama mtu anayesoma tangazo. Halafu akageuka akarudi kwake, pini zote mdomoni, mteja wangu amekaa na koti linamning'inia. Tangu siku hiyo havuki. Ananiletea pini kwenye kopo, anaweka kizingitini, anaondoka. Salamu anaitikia, lakini anaitikia kitambaa alichoshika.

Picha nimeibandua. Amekasirika, na safari hii hata wanafunzi wako wangekubali. Zimebaki siku kumi na tisa ahame, na ninaona ataondoka hivi, bila neno. Miaka kumi na moja halafu kopo la pini. Sitaki iwe hivyo. Mwandikie wewe, umwombe radhi kwa niaba yangu, kwa kuwa mambo haya umeyaanzisha wewe. Mimi maneno hayo siyajui.

Usicheke


15 Aprili

Mama yangu Fundi,

Shikamoo. Mimi ni mpwa wa Usicheke, yule aliyekusumbua na picha za hisia. Nakushukuru sana kwa kukubali. Picha zako zimenifaa kuliko zote.

Mjomba ananiomba nikuombe radhi kwa ile picha aliyoibandika dirishani. Hakukusudia ubaya. Aliiona nzuri, na yeye kitu kizuri hajui kukifanyia nini ila kukibandika dirishani.

Nina swali langu la masomo pia, na una haki ya kutolijibu. Mjomba ameandika kwamba kwenye picha namba kumi na saba ulikuwa na hasira. Walioitazama hapa wameona jambo jingine. Ni wewe pekee unayejua. Ukipenda kuniambia ulikuwa unawaza nini, nitakiandika kama ulivyosema, bila jina, na hakuna atakayeambiwa. Ndiyo sheria ya kazi yetu.

Mwanao,
Mpwa wa Usicheke


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi barua si mzoefu, naandika kama ninavyoongea, usinisahihishe.

Nilikuwa na hasira. Andika hivyo. Na nilikuwa na furaha. Andika na hiyo. Zilikuja zote mbili kwa pamoja na wala hazikusukumana mlangoni.

Jumatatu ile nilimwambia mjomba wako kuwa nahama. Nilikuwa nimekaa na neno hilo siku tatu nikitafuta namna ya kulisema. Nikavuka, nikasema, nahama mwisho wa mwezi ujao, binti yangu ananiita. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza, na koti? Nikarudi dukani kwangu nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Sijafanya kosa hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani.

Basi wiki ileile ananiambia nikae, nimfikirie mtu aliyeniudhi kuliko wote. Sikwenda mbali, nilimtazama yeye. Nikatazama lile shati lake, kishikizo cha pili kutoka juu nilikishona mimi mwaka juzi kwa uzi usiolingana maana nilikuwa na haraka, na hajawahi kuona. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Naye kainama nyuma ya kamera, amefumba jicho moja, na kwa mazoea yake, kwa mazoea ya miaka thelathini, akasema: "Usicheke, tazama hapa."

Mwanangu. Mtu nataka kumrarua, ananiambia nisicheke. Nilikaza mdomo kwa nguvu zangu zote. Mdomo ulinisikia, macho hayakunisikia, na ndipo alipobonyeza.

Kwa hiyo sikuvunjika moyo kwa picha kuwa mbaya. Nilipoiona dirishani niliona uso wangu unaiambia barabara nzima jambo ambalo mdomo wangu haujawahi kumwambia hata mtu mmoja. Muuza nyama kaliona, kinyozi kaliona, mtu mwenye povu kaliona. Yeye aliyeipiga, aliyeisafisha, aliyeibandika, ndiye hajaliona. Si hasira iliyonifanya nisivuke tena. Ni kuona haya. Nina miaka hamsini na miwili, mwanangu, ni mtu mwenye wajukuu.

Usimwambie. Nimekwambia wewe kwa ajili ya masomo. Basi langu ni tarehe thelathini saa mbili asubuhi.

Fundi


23 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Fundi amenijibu. Alichoniandikia siwezi kukuambia, hata ukinitumia mama yangu na mdomo wake. Katika kazi yetu siri ya mtu ni amana. Nimekaa na barua hiyo siku nzima nikijing'ata vidole, na bado ni amana.

Ninachoweza kukupa ni kilicho chako. Nakurudishia picha mbili, kumi na saba na ishirini. Ziweke mezani, bega kwa bega. Fanya kama walivyofanya wale arobaini: sahau majina, sahau ulichoandika kwenye karatasi, sahau koti. Jiulize tu, huyu mama anamtazama mtu wa namna gani? Na huyu mzee anaogopa nini?

Halafu nijibu maswali mawili kwa ajili ya utafiti. La kwanza: ulipofikiria "mambo ya kazi", ulikuwa unaona nini machoni mwako, hasa? La pili: ulipompiga Fundi kumi na saba, ulimwambia nini kabla ya kubonyeza? Neno kwa neno.

Mficha maradhi, Mjomba. Unaijua methali inavyoisha. Umebakiwa na siku saba, na barua hii ikichelewa ni chache zaidi.

Mpwa wako anayekupenda


2 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba. Nilizipanga picha mezani kama ulivyosema na nikageuza kibao cha mlangoni, NIMEFUNGA. Muuza nyama akabisha hodi akidhani nimekufa.

Nakujibu kwa mpangilio. La kwanza. Niliposema mambo ya kazi, nilikuwa naona mlango ule wa mbele yangu umefungwa kwa kufuli. Hakuna kingine. Mlango wa bluu na kufuli. Nimeiita huzuni kwenye karatasi yako, na kabla ya hapo niliiita koti, na kabla ya hapo tumbo. Hao watoto wako thelathini na moja wamesema hofu. Nimeiangalia ile sura saa nzima, na wamesema kweli. Niliogopa, na bado nilikuwa naogopa nilipoitazama.

La pili. Nilimwambia, "Usicheke, tazama hapa." Nilipolikumbuka hilo niliinuka kwenye kiti. Mtu mwenye hasira humwambii asicheke, kwani alikuwa anacheka? Nikaitazama tena kumi na saba, nikaona mdomo unavyopigana na macho. Nikajiuliza swali lako, anamtazama mtu wa namna gani. Nyuma ya kamera palikuwa na mtu mmoja tu, mpwa wangu, na alikuwa mimi. Miaka yote hii watu wanapotazama kamera nilidhani wanatazama kamera.

Nilikaa siku nzima nikipiga moyo konde, na ulikuwa haupigiki. Nilifanya mazoezi mbele ya kile kioo wanachochania nywele wateja. Kesho yake asubuhi nikalichukua koti, maana sikujua nishike nini, nikavuka. Sikutazama barabara, mtu wa baiskeli alinitukana, nikamshukuru.

Alikuwa amepiga magoti anapima pindo la sare ya mwisho, pini mdomoni. Makasha yamefungwa kamba. Akanionyesha kigoda kwa mkono, mimi nikabaki nimesimama. Nikasema: "Fundi, si koti."

Hakuweza kujibu kwa ajili ya zile pini, na hilo ndilo lililoniokoa. Nikaendelea. Nilimwambia habari za kufuli. Nilimwambia kwamba Jumapili asipofungua mlango na mimi sifungui dirisha, na nilikuwa nasema ni mapumziko. Nilimwambia alipotamka kwamba anahama nilisikia kitu kimeniangukia ndani, nikakishika cha karibu kilichokuwepo, kikawa koti. Nilimwambia nimewafuta watu nyuso zao mpaka nimejifuta na wangu, kwamba picha yake nimeitazama siku nzima, na kwamba kama nimekosea kuisoma aniambie tu, nitarudi zangu upande wa pili na nitambeba makasha mpaka kituoni vilevile.

Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kimto. Zilikuwa saba, nilizihesabu. Halafu akasema, "Kumbe unajua kuongea."

Akalichukua koti mikononi mwangu akanivisha. Miaka yote sijawahi kulivaa. Akazunguka nyuma akalivuta kidogo, akarudi mbele, akanipima kwa jicho moja limefumbwa, kama mimi ninavyofanya. "Kaa wima," akasema. "Kidevu chini kidogo. Tazama hapa."

Lile neno jingine aliliacha. Mpwa wangu, nilicheka mpaka mashavu yakaniuma, maana misuli yenyewe ilikuwa na kutu. Naye akacheka, na akalia pia. Mimi sikusoma, wewe utajua imekuwaje.

Amesafiri tarehe thelathini kama alivyopanga, nilimsindikiza na makasha mawili. Amekwenda kuwaona pacha na kuzungumza na binti yake habari zetu. Makasha manne yamebaki. Mlango una kufuli, ila ufunguo ninao mfukoni ninapoandika.

Tumbo limepona.

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba wangu, mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma maktaba, mahali pasiporuhusiwa kelele, na nikatolewa nje. Nimecheka na nimelia kwa pamoja na mtunza maktaba alikuwa ananiuliza nimefiwa au nimefaulu.

Kumi na saba haikutolewa. Kabla sijakuandikia mwezi uliopita, nilimwambia mwalimu wangu, bila jina wala maneno yake, kwamba aliyepigwa picha ameeleza mwenyewe, na kwamba karatasi yako ilikuwa sahihi na wale thelathini na sita walikuwa sahihi, na yule mama mwenye watoto wanne alikuwa sahihi kuliko wote. Halafu akachukua rula akachora safu ya saba kwenye fomu yangu. Juu yake tumeandika: zaidi ya moja. Tumewarudishia wanafunzi picha zote ishirini na nne. Sasa kila wakiwa na mashaka wanakimbilia safu hiyo, na mwalimu anasema nimemharibia takwimu za miaka kumi. Anasema hivyo akitabasamu, mpaka pembeni ya macho. Nimechunguza.

Nisalimie Fundi akirudi. Au nimwite nani sasa?

Mpwa wako


21 Juni

Mpwa wangu,

Mwite mkaza mjomba, lakini ungoje kidogo, ndiyo sababu ya barua hii.

Amerudi Jumapili iliyopita. Pacha ni wazima, wanalia kwa zamu. Binti yake amekubali, kwa sharti kwamba niwapige wajukuu picha wakiwa wanacheka, na kwamba mama yake aende kuwaona kila shule zikifungwa. Dada yangu, mama yako, amelia kwenye simu, halafu akasema alijua tangu zamani. Hakujua lolote.

Jumanne tulikwenda ofisi ya ndoa na fomu. Wanataka picha mbili mbili ndogo, uso mkavu, kama za kitambulisho. Nikamwambia karani bila wasiwasi kwamba picha ndiyo kazi yangu. Nikampiga Fundi, Fundi akanipiga mimi, nikazisafisha, tukazipeleka. Jumatano zikarudishwa. Karani ameandika kwa wino mwekundu: Wahusika wanacheka. Warudie.

Tukarudia. Nilimvisha koti ili apate uzito, nikafikiria mazishi yote niliyohudhuria. Alhamisi zikarudi: Wahusika bado wanacheka. Ijumaa nilimwita kinyozi ashike kamera, akaharibu kabisa. Siku hiyohiyo karani akaniuliza kama kweli mimi ndiye yule Usicheke wa mtaa wa pili, aliyempiga picha ya kitambulisho akiwa na miaka kumi na minane akamkaripia kwa kutabasamu. Nikasema ndiye. Akasema basi nikatafute mtu wa kunikaripia.

Sherehe ni baada ya wiki mbili, Jumamosi, na fomu lazima ziingie Alhamisi ya kabla yake. Njoo mapema, Profesa. Usimame nyuma ya kamera na huo usomi wako, utuambie tusicheke. Mimi nimeshindwa.

Mjomba wako

Mwanangu, naongeza hapa chini kwa kuwa amekwenda kumtafutia mteja kitana. Njoo, na fomu tutaipeleka. Ila ukisimama nyuma ya kamera sema lolote, hesabu hata namba, lakini hilo neno usilitamke. Ndilo linalotuanzisha.

Fundi